Ukuta Ukiisha Nitashuka

Wifi yangu wanamwita Chokaa. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, likamganda hadi nyumbani, kiasi kwamba kaka yangu, aliyemuoa kwa jina lake la kuzaliwa, siku hizi akimtafuta uani anaita, "Chokaa, uko wapi?" Kisa ni uso wake. Kila jioni akirudi kazini anakuwa na madoa meupe kuanzia kwenye paji hadi shingoni, na hata akishaoga kuna doa moja nyuma ya sikio ambalo halijawahi kukubali kutoka. Kazi yake ni kupiga plasta. Kaka yangu ni fundi cherehani, mtu mtulivu asiyependa makelele, na watu wakimtania juu ya mke wake anawajibu kwamba yeye anavisha watu, mke wake anavisha kuta, na mpaka leo hakuna ukuta uliorudi kulalamika kwamba nguo inabana.

Hakuanza akiwa fundi. Alianza kwa kubeba maji, kama wanawake wengi wanavyoanza kwenye majengo. Anabeba ndoo, anaimwaga kwenye mchanga na saruji, anarudi bombani. Lakini kila akitua ndoo alikuwa anatupa jicho kidogo. Anatazama kifundo cha mkono cha fundi, jinsi kinavyozunguka mwiko unapotupa saruji ukutani na isidondoke. Akirudi nyumbani anakuja kwangu, kwa sababu nyumba zetu zimepakana, na anafanya mazoezi kwenye ukuta wa jiko langu. Anapaka, anatazama, anakwangua, anapaka tena. Jiko langu lilivishwa na kuvuliwa hadi nikasahau lilikuwa na sura gani. Sikumkataza. Niliona ni mtu mwenye njaa ya kitu, na mwenye njaa hafukuzwi jikoni.

Wakati huo ndipo alipounganisha ngazi yake ya mbao, kwa mabaki aliyoomba kazini. Ni ngazi nzuri, ila ina kipandio kimoja cha katikati kilichofungwa kwa waya. Kilivunjika siku kaka yangu alipopanda kumshusha kuku wa jirani aliyekwama juu ya bati. Kaka yangu alifika chini kabla ya kuku. Tulikifunga kipandio, tukamkanda kaka kwa maji ya moto, na ngazi ikarudi kuegemea nyuma ya nyumba.

Basi likaja jengo la chuo. Chuo kikuu kilikuwa kimepata eneo nyuma ya hospitali kubwa ili kijenge mahali pa kuwafundishia wauguzi, wakunga na madaktari. Kabla ya hapo wanafunzi wale walisomea kwenye banda la mabati, mvua ikinyesha mwalimu anaandika tu ubaoni maana sauti haisikiki. Wifi yangu alikuwa na sababu yake ya kulipenda jengo lile. Mtoto wake wa mwisho alimzaa mikononi mwa mwanafunzi wa ukunga aliyekuwa akitetemeka kuliko yeye mwenyewe. Yule binti hakuwa na kosa. Alikuwa hajawahi kumgusa mama mjamzito, na hata yule mdoli wa kujifunzia walikuwa wanamgombania darasa zima. Wifi alijifungua salama, namshukuru Mungu, lakini ilimlazimu amtulize mkunga huku uchungu umemshika. Kwa hiyo aliposikia kinajengwa chumba kikubwa cha mazoezi, chenye vitanda na midoli na masinki, alisema, "Wajengewe haraka. Wapate mahali pa kutetemekea kabla hawajatufikia sisi."

Mimi nilipata kibanda cha chai karibu na lango la ujenzi, na kutoka pale niliona mengi. Mengine alinisimulia yeye na wenzake. Mkuu wa wapiga plasta alikuwa mzee mmoja mkimya, tulimwita Mzee Timazi, kwa sababu ile kamba yake yenye risasi nzito ya kupimia wima wa ukuta haikutoka mfukoni hata akienda kula. Alimwona Chokaa akikarabati kona iliyoharibika ambayo hakuna aliyemwagiza, akasimama nyuma yake kitambo, kisha akampa mwiko wake mwenyewe na kuendelea na safari. Kesho yake Chokaa hakubeba ndoo tena. Baadaye wakaongezeka wanawake wengine wawili, na jukwaani wakawa watatu.

Kuna desturi moja kwa mafundi wa plasta wa Mzee Timazi ambayo ni lazima niieleze, maana bila hiyo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Ukuta unaanzwa juu kabisa na unamalizwa chini, siku hiyohiyo, na mtu aliyeuanza. Haukatizwi. Ukiacha katikati, sehemu ya juu inakauka, na kesho ukiunganisha unabaki mshono kama kovu la kisu, na pale ndipo maji yanapoingia. Tena fundi mwingine haingizi mwiko wake kwenye ukuta wa mwenzake. Kila mkono una uzito wake, na mikono miwili kwenye ukuta mmoja inaonekana hata kwa aliyesimama mlangoni. Wanasema ukuta una mwenyewe. Na chumba kile cha mazoezi kilikuwa na ukuta mmoja ambao Mzee Timazi aliuogopa, ule wa masinki, mwembamba lakini mrefu kwenda juu. Wanafunzi watanawia pale, ukuta utaoshwa kwa dawa kila siku, na mshono wowote ungekusanya uchafu. Ukuta huo alimpa Chokaa.

Hapo ndipo alipoingia msimamizi mpya. Yule wa kwanza alihamishiwa kwingine, akaja kijana mmoja nadhifu, buti zinang'aa, na shingoni amening'iniza filimbi. Kila jambo kwake lilikuwa filimbi. Watu waanze kazi, filimbi. Lori lisogee, filimbi. Mtu akipiga soga, filimbi. Kabla jua halijazama siku ya kwanza alikuwa ameshaitwa Filimbi, na nadhani yeye peke yake ndiye hakujua.

Siku ya pili aliingia chumba cha mazoezi, akainua macho, akawaona wanawake watatu juu ya majukwaa. Akapuliza. Akatangaza kwamba kuanzia sasa hataki mwanamke apande ngazi kwenye eneo lake. Wanawake watafagia, watachota maji, watasafisha madirisha. Wale wawili walikuwa ndiyo kwanza wanachanganya, hawajagusa ukuta. Waliteremka kimyakimya, wakapewa mifagio. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Kila mmoja ana watoto nyumbani.

Chokaa alikuwa ameanza. Sehemu ya juu ya ukuta wa masinki ilikuwa imeshapakwa, mbichi, na alikuwa anaisawazisha kwa ubao. Hakugeuka. Filimbi akapuliza tena, akamwambia yeye ndiye anayeambiwa.

"Nimekusikia, bosi," Chokaa akasema. "Ukuta ukiisha nitashuka."

Filimbi akamwambia ashuke sasa hivi, mtu mwingine ataumalizia.

"Mwingine yupi? Waulize kama yupo."

Filimbi akageuka kuwatazama mafundi wanaume. Akamchagua mmoja kijana na kumwagiza apande. Yule akajikuna shingo na kusema kwamba ule ukuta una mwenyewe. Akamwagiza wa pili, naye akakumbuka kwamba kule korido kuna kona inamsubiri, akaondoka mbio kama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Ndipo akamgeukia Mzee Timazi. Sasa mzee yule ana familia kubwa na mgongo mbovu, na kazi ya umri ule ukiipoteza huipati tena. Sote tulijua hivyo. Aliuchukua mwiko wake, akausuuza kwenye ndoo taratibu, akaufuta kwa kitambaa kila upande, akautia mfukoni, akajifunga koti. Halafu akaketi juu ya mfuko wa saruji. Mpiga plasta akiosha mwiko wake amefunga kazi, na hakuna filimbi inayoweza kuufungua.

Wifi yangu anasema wakati huo alimhurumia Filimbi, kwa sababu masikio yake yalikuwa mekundu. Akamuuliza kwa upole kabisa kwani shida yake hasa ni nini.

"Mwanamke akianguka kutoka huko juu, mimi nitawajibu nini watu?"

"Na mwanamume akianguka ulikuwa umepanga kuwajibu nini?"

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomharibu. Msimamizi aliyechekwa siku ya pili anajua kwamba asiposhinda pale, hatashinda tena. Akaenda mwenyewe hadi kwenye jukwaa, akaichukua ngazi ya chuma aliyopandia Chokaa, akaitoa, akaiburuta hadi nje ya chumba. Akaamuru mashine ya kuchanganyia izimwe. Alifikiri mambo yamekwisha. Juu hakuna saruji, chini hakuna ngazi, mwanamke ataomba msamaha.

Chokaa akachungulia ukingoni, akatazama mahali ngazi ilipokuwa.

"Jamani, mnisaidie kuelewa," akasema. "Huyu baba alinikataza kupanda. Sasa amenikataza na kushuka."

Mimi habari zilinifikia langoni kupitia dereva wa lori, ambaye alikuja kucheka mbele ya kibanda changu mpaka akamwaga chai. Namjua wifi yangu. Ni mtu wa maneno machache kanisani na nyumbani, lakini akishaanza kitu ni kama kufunga ndoa nacho. Nilijua pia kilichokuwa kinamsubiri akishuka. Akishuka kabla ya ukuta kuisha, basi atakuwa ameshuka moja kwa moja, kwenye jengo lile na mengine yote, kwa kuwa habari za mafundi zinatembea. Angerudi kwenye ndoo. Miaka yote ile ya jiko langu ingekuwa mchezo wa kitoto. Nikamwomba Mungu asimwache peke yake kule juu, kisha nikafunika birika na kwenda kuona.

Nilikuta kila mtu ameinua uso kumtazama Chokaa. Saruji iliyokuwa kwenye karai lake ilikuwa inakaribia kwisha, na anaitumia kwa kubana kama mtu anayepakua mchuzi kwa wageni wasiotarajiwa. Plasta ya juu ilikuwa imeanza kubadilika rangi pembeni. Hilo hata mimi naliona, nimelitazama sana jikoni. Muda si mrefu ukuta ungeshika, na mshono ungekuwa pale milele, katikati ya masinki, na kila mtu angesema, ule ndio ukuta wa yule mwanamke.

Mmoja wa wale wenye mifagio, mrefu, mwenye sauti nzito, aliuegemeza mfagio wake ukutani. Hakuutupa, aliuegemeza vizuri tu. Akaenda kwenye rundo la mchanga, akashika beleshi. Mwenzake akamfuata na mfuko wa saruji. Filimbi akawaambia mashine imezimwa. Yule mrefu akasema, "Mashine umezima, bosi. Mikono hukuizima." Wakaanza kuchanganya chini, kwa mabeleshi, mmoja huku na mmoja huku. Chokaa akateremsha kamba, wakaifunga ndoo ya kwanza, akaivuta.

Mungu anisamehe, niliona raha. Ndoo ya pili ilipokuwa inajazwa nilitia chupa ya chai na kipande cha mkate kwenye ndoo ndogo, nikaifunga mwenyewe. Filimbi akanijia na kunionya kwamba akiniona napeleka chai juu, kibanda changu hakitakuwepo langoni kesho.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nauza chai. Anayekunywa yuko juu au yuko chini, hilo mimi siulizi. Na wewe hujanywa tangu asubuhi, nimekuwekea kikombe."

Hakukichukua. Lakini hakuikata kamba pia.

Sasa, kuna jambo ambalo Filimbi hakulifikiria, kwa sababu alikuwa amesimamia barabara na madaraja kabla ya hapo, siyo kuta za ndani. Mpiga plasta hakai juu siku nzima. Sehemu ya juu ikiisha, anazitoa mbao za jukwaa na kuziweka kwenye vyuma vya chini yake, anafanya kazi hapo, kisha anazishusha tena. Jukwaa linateremka na ukuta. Kwa hiyo kila alipomaliza sehemu, Chokaa aliinua ubao, akawapokeza wenzake, akashuka kidogo kwa kukanyaga vyuma vya jukwaa lenyewe, akaendelea. Hakugusa ngazi. Hakuvunja hata amri moja. Tulikuwa tunamwona anatukaribia, polepole, kwanza nyayo zake zilikuwa juu ya vichwa vyetu, baadaye tukawa tunatazamana na magoti yake, baadaye akawa anaweza kumpokea mtu kikombe mkononi. Uso wote mweupe, macho tu ndiyo yanaonekana. Mafundi wanaume walikuwa wameacha kujifanya wana shughuli, wamekaa kwenye mifuko kama watu waliokuja kutazama mpira.

Mpako wa mwisho aliupiga akiwa amepiga magoti sakafuni. Akasawazisha, akapitisha sifongo, akasimama akijishika kiuno. Ukuta ulikuwa mmoja, kutoka dari hadi chini, umelowa sawasawa. Mzee Timazi aliinuka, akaitoa timazi yake, akapima huku, akapima kule, akairudisha mfukoni. Kwa mzee yule hiyo ni hotuba.

Chokaa akamgeukia Filimbi. "Nilisema nitashuka ukuta ukiisha. Umeisha. Nimeshuka."

Filimbi alikuwa na neno moja limebaki. Akamwambia kwamba kesho akija, ngazi za eneo lile ni mali ya kampuni, na hakuna hata moja atakayokanyaga.

Jioni ile kaka yangu alisikiliza habari yote akiwa kwenye cherehani, mguu umesimama juu ya kanyagio. Akasema labda apumzike siku chache, mambo yapoe, yeye ana sare nyingi za shule za kushona, watakula. Wifi akamjibu kwamba kula watakula, anamshukuru mume wake, lakini ghorofa ya pili ina kuta nane na yeye hakuzaliwa kushona vifungo. Kaka yangu akawaza kidogo, kisha akaenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia akihangaika na koleo. Alikuwa anaongeza waya kwenye kile kipandio.

Asubuhi tukaibeba. Chokaa mbele, mimi nyuma, ngazi mabegani, tukapita katikati ya mji. Watu wakatuuliza kama tumehama. Muuza magazeti akauliza kama tunakwenda mbinguni, na mimi nikamwambia ndiyo, lakini leo tunaishia ghorofa ya pili. Mlinzi wa lango alitazama ngazi, akatutazama sisi, akasema kitabu chake kinamtaka azuie vitu vinavyotoka. Vinavyoingia hakuambiwa.

Filimbi alikuwa ndani, ghorofa ya pili, na kikombe changu cha chai mkononi. Siku hiyo alikuwa amekipokea kwa mke wa yule dereva wa lori, aliyenishikia kibanda. Aliona ngazi ikiingia mlangoni kwanza, ndefu, kisha Chokaa, kisha mimi.

"Hiyo ngazi ya nani?" akauliza.

"Yangu. Za kampuni nimekuachia zote."

Chokaa akaiegemeza kwenye jukwaa la ghorofa ya pili, akaitikisa kuijaribu, akaanza kupanda, mwiko umechomekwa kiunoni. Filimbi akapuliza. Alipuliza kwa nguvu zake zote. Lakini kuna kitu kinatokea kwa sauti ambayo watu wameizoea na hawaiogopi tena. Hakuna aliyegeuka. Chokaa alikuwa amefika kwenye kile kipandio cha waya, na ngazi ikalia kidogo. Akasimama pale, akamtazama msimamizi aliyekuwa chini.

"Jana ulisema unachoogopa ni mimi kuanguka," akasema. "Kama ni kweli, shika ngazi."

Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Na yule kijana, nimemfikiria sana tangu siku ile, alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Akikataa, watu wote watajua kwamba hofu yake haikuwa juu ya mtu kuanguka. Alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Nikampokea kikombe.

Akashika. Hakushika vizuri, alishika kwa mkono mmoja na uso ameugeuzia dirishani, kama mtu anayemshikia mgeni mbuzi. Lakini alishika mpaka Chokaa akafika juu. Alipotaka kuiachia, yule mwanamke mrefu alikuwa ameshasimama nyuma yake, mwiko mkononi, anasubiri zamu, na nyuma yake yule mwenzake. Akaendelea kushika.

Kutoka juu tukasikia sauti ya wifi yangu, ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechelewa kuanza kazi.

"Haya, ndoo ya kwanza iko wapi?"